Mazoezi ya alfajiri na majirani: maswali na majibu

Nimeanza kukimbia peke yangu mara nyingi, kila mara naacha. Kikundi kitabadilisha nini?

Kitakupa mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Saa kumi na moja na nusu Kampala bado ni giza. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja, mwaka mzima. Saa hiyo ukibishana na blanketi peke yako, blanketi hushinda. Lakini ukijua jirani amesimama pale kwenye kona ya duka anakungoja, unaona haya kumwacha.

Si haya tu. Katika miaka ya 1920, mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakiinua uzito. Aliye dhaifu, akiunganishwa na mwenzake anayemzidi kiasi, alivumilia zaidi kuliko akiwa peke yake. Pengo la nguvu lilipokuwa kubwa mno, faida ilipungua. Kwa hiyo usimtafute bingwa wa mtaa. Tafuta anayekupita hatua chache. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford nao waliona kwamba wapiga makasia waliofanya mazoezi pamoja walistahimili maumivu zaidi baadaye kuliko walipofanya peke yao, ingawa kazi ilikuwa ileile. Walidhani ni kwa sababu ya endofini, kemikali ambayo mwili hutoa na ambayo hupunguza maumivu na kuleta raha.

Mimi naona salamu, utani na chai ya baadaye hufanya kazi kubwa kuliko pushapu zenyewe. Mtu aliyehamia mjini kutoka Arua au Kasese, asiyemjua hata aliye nyuma ya ukuta wake, hapo hupata watu.

Lakini si Waganda tunasifiwa kwa kujishughulisha?

Ni kweli. Utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2018 uliiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi wasiojishughulisha vya kutosha: asilimia 5.5 tu ya watu wazima. Ila jembe, mitungi ya maji na safari za miguu ndivyo vilivyoleta sifa hiyo. Karani anayepanda bodaboda hadi ofisini, akakaa hadi jioni, asijihesabu humo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Asubuhi tatu za dakika 50 zinakufikisha.

Nina miaka 58 na presha. Si nitaaibika mbele ya vijana?

Mama, anza kwa kutembea, na mkuu wa kikundi ajue hali yako. Pima presha kwanza kituo cha afya. Ikiwa juu sana, itulizwe kabla hujaanza. Vidonge usiviache kwa sababu unajisikia vizuri. Kipimo rahisi cha kasi ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Vilima vya Muyenga na Naguru viache kwanza, uwanja tambarare unatosha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusikoisha ukipumzika: simama, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asije na njaa, na mfukoni awe na sukari au pipi.

Ni lazima alfajiri?

Hapana. Mwili hauna saa yake ya muujiza. Alfajiri ina faida nyingine: foleni bado, vumbi bado, na bosi hajapiga simu. Kasoro zake ni bodaboda zisizo na taa, mitaro iliyo wazi, na mbu wa malaria ambao huuma hadi kunapopambazuka. Vaa nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa, suruali ndefu, na mwanamke asipite peke yake gizani. Wapitiane nyumba kwa nyumba.

Bure kweli?

Inapaswa kuwa. Raba za zamani zinatosha. Fulana za kikundi zikianza kuwa sharti, wasio na kitu hutoweka kimyakimya.

Mtaani kwetu hakuna kikundi.

Watu wawili wanatosha. Huko Boston, Marekani, mwaka 2011 marafiki wawili waliopiga makasia pamoja chuoni waliahidiana kuamka kufanya mazoezi mwezi mzima wa Novemba, na miji mingine ikafuata baadaye. Chagua siku, saa na mahali visivyobadilika, na mkubaliane mapema kuhusu mvua: Machi hadi Mei itawanyeshea, basi kibaraza cha nani kitatumika?