Kulala Kitandani Hakuponyi Mgongo

Kwa miaka mingi wenye maumivu ya mgongo, hasa yale yanayoshuka kupitia tako na nyuma ya paja hadi kwenye unyayo, wameambiwa walale tu mpaka maumivu yaishe. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini si sahihi. Mwaka 1995 utafiti wa Helsinki, Finland, ulionyesha kwamba watu wenye maumivu ya ghafla ya kiuno walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani kwa siku 2. Na mwaka 1999 utafiti wa Uholanzi ukabaini kwamba hata kwa wenye siatiki, yaani maumivu hayo yanayoshuka mguuni, kulala wiki 2 hakukuleta nafuu zaidi.

Misuli isiyotumika hudhoofika, na hofu ya kuinama, ambayo kwa maoni yangu hupuuzwa mno, humfanya mtu aukaze mwili wake siku nzima. Ndiyo maana, kwa maumivu yaliyozidi miezi 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unahimiza huduma inayomwangalia mtu kwa ujumla wake, mwili na akili: elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia, huku ukishauri mikanda ya kiuno isitolewe kama utaratibu wa kawaida. Mgonjwa anaweza kuanza kwa matembezi mafupi, akiongeza mwendo polepole.

Hata hivyo, anayeshindwa ghafla kukojoa au kuzuia haja, au anayepata ganzi kuzunguka sehemu za siri, aende hospitali mara moja.