Visiwa vya Tanga havikuanza na taa ya Mjerumani

Ukisimama ufukweni Tanga mjini ukatazama ghubani, kisiwa cha karibu ni Toten. Ukipanda mashua ukaelekea mlango wa ghuba, unakikuta Ulenge, chenye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Visiwa hivi viwili vimezungukwa na maneno mengi, na mengine si ya kweli.

Linalosikika mara nyingi ni kwamba Toten ni makaburi ya wanajeshi wa vita vya 1914. Jina kweli ni la Kijerumani, na maana yake ni wafu. Lakini mapigano ya Novemba 1914, yale ambayo Waingereza walileta askari wapata 8,000 wakashindwa na jeshi dogo la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, yalipiganwa bara, kuanzia Raskazone kuelekea mjini. Kisiwani kuna magofu ya misikiti ya mawe na makaburi ya Waislamu, yote ya kabla ya utawala wa Kijerumani. Watu walizaliwa pale, wakaswali wakielekea kaskazini kama tunavyoswali sisi leo, wakazikwa pale. Inaniuma kuona mji mzima wa wazee wetu umebaki na jina moja tu, la wafu, tena kwa lugha ya mgeni.

Wengine husema kabla ya taa vyombo vilikuwa vikipotea ovyo. Manahodha wetu walisoma nyota, rangi ya maji, mkondo, kusi na kaskazi, na milima ya Usambara kwa mbali. Jahazi likichelewa, lilitia nanga nje likangoja kupambazuke. Waliokuwa na haraka ni wenye meli za moshi, zenye ratiba na zinazohitaji kina kirefu. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na shehena haikuwa na subira ya kungoja asubuhi. Hata neno mnara tulikuwa nalo: limetoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya mahali pa mwanga, na ndilo hilohilo tunaloliita mnara wa msikiti.

Kwamba taa hufika mbali kwa kuwa na moto mkubwa, hilo nalo si kweli. Kinachofanya kazi kubwa ni kimo na kioo. Dunia ni mviringo, hivyo taa iliyo mita 25 juu ya bahari, mtu ambaye jicho lake liko usawa wa maji huiona hadi kilomita 18 hivi, hata ingekuwa kali kiasi gani. Nacho kioo cha Mfaransa Fresnel, cha miaka ya 1820, hukusanya mwanga uliotawanyika na kuuelekeza baharini.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni ya ukarabati: kwamba ukuta mkongwe ukipigwa lipu ya saruji umepona. Majengo ya kale ya pwani hii ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Ukiuchungulia kwa karibu ukuta wa namna hiyo utaona vipande vidogo vyeusi vya mkaa ndani ya weupe, na kwenye jiwe alama za matumbawe kama vinyota. Ukuta huo unapumua: unyevu na chumvi huingia, kisha hutoka. Saruji huziba. Unyevu hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kulila jiwe taratibu. Nje kunang'aa miaka michache, halafu siku moja lipu inabanduka kipande kizima, na jiwe lililokuwa nyuma yake linatoka nalo, limekuwa unga.

Fundi mwashi anayejua kuloweka chokaa na kuisubiri iive ndiye wa kutafutwa kwanza, kabla ya mfuko wowote wa saruji kupakiwa kwenye mashua.