Mwanafunzi wa kemia anasoma DS; wa sheria mbona hasomi sayansi?

Vyuo vikuu vyetu vinapofungua mwaka, malalamiko ya mwaka wa kwanza huwa ya aina mbili. Wanafunzi wa sayansi wanauliza DS (Taaluma za Maendeleo) na stadi za mawasiliano zinahusiana vipi na shahada waliyoomba. Halafu hao hao wakiona mada za kozi ya utangulizi ya kemia, mole, asidi na besi, wanaguna: haya si tuliyamaliza kidato cha sita? Kozi moja inaonekana haina kazi, nyingine inaonekana ni marudio. Zote zinasomwa kijuujuu, na sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio kwa waliofeli, huanzia hapo.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoeleweka haraka. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, zikiwemo lekcha, semina, maabara na saa unazokaa peke yako na daftari. Kwenye GPA, yaani wastani wa pointi za alama zako, krediti ya DS ina uzito ule ule wa krediti ya kemia. Tuseme muhula una krediti 60, DS ni 8, na kozi nyingine zote umepata B+, yaani pointi 4. Ukipata A kwenye DS, yaani pointi 5, GPA ya muhula ni 4.13. Ukipata C, yaani pointi 2, inashuka hadi 3.73. Wengi hulitambua hili wakiwa mwaka wa tatu, wanapohesabu walichopungukiwa kufika daraja la kwanza.

DS yenyewe haikuingia kwenye ratiba kwa bahati mbaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Dar es Salaam palikuwa na mjadala mkali: chuo kikuu cha nchi maskini kinamsomesha nani, na kwa faida ya nani? Ikaanzishwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, na 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Unaweza kuikosoa DS inavyofundishwa leo, ukumbi umejaa pomoni na noti za kukariri, nami sitakubishia. Lakini wazo kwamba mhandisi ajue maji anayoyavuta yanamfikia nani na yanamruka nani bado lina maana.

Hilo la marudio ndilo lenye kosa kubwa zaidi. Chukua titresheni, njia ya kupima ukali wa asidi au besi kwa kuzichanganya hadi zimalizane. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa vitendo anaijua kazi: asidi kwenye bureti, ile mirija mirefu yenye mistari ya ujazo na koki chini, besi inapimwa kwa pipeti, matone mawili ya methili oranji, rangi ya kuonyesha mwisho, unafungulia taratibu hadi rangi igeuke. Shuleni alizoezwa kutafuta majibu yanayokaribiana, kwa hiyo ripoti yake inakuja na 23.40, 23.40, 23.40. Mimi nikiona hivyo nashuku kabla sijasifu. Bureti ya kawaida ina mistari ya kila 0.1 cm³, tarakimu ya mwisho unaikadiria, jicho likiwa usawa na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika. Tone moja lenyewe ni kama 0.05 cm³. Ukikosea kwa 0.05 kusoma mwanzo na 0.05 kusoma mwisho, ujazo wako unaweza kupotoka hadi 0.10, takriban 0.4% ya 23.40. Shule ilitaka jibu. Sisi wa chuo kikuu tunataka pia utuambie jibu hilo unaliamini kiasi gani na kwa sababu gani. Ripoti yenye 23.35, 23.45 na 23.40, pamoja na sentensi tatu zinazoeleza tofauti hiyo, kwangu inapata alama zaidi kuliko ile iliyonyooka mno. Na sentensi hizo tatu, ukiwa huna stadi za mawasiliano, zitakutoa jasho kuliko titresheni yenyewe.

Sasa niseme langu. Tunamdai mwanakemia asome jamii, ila katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi wa sheria au uandishi wa habari hadaiwi sayansi hata kidogo. Aliyetoka kombi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), fizikia na kemia huenda aliziaga kidato cha pili. Kesho ni hakimu, mezani kwake kuna ripoti ya vinasaba kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Marekani njia ya kuwadai wanafunzi wote masomo ya nje ya fani zao, wanayoiita elimu jumla, waliianza zamani. Chuo cha Columbia kilianzisha kozi ya lazima ya ustaarabu kwa wote 1919, Harvard ikatoa ripoti yake ya elimu jumla 1945, na hadi leo mwanafunzi wa historia huko kwa kawaida hamalizi krediti zake 120 bila kozi moja au mbili za sayansi asilia, mara nyingi mojawapo ikiwa na maabara. USIU-Africa ya Nairobi nayo ina kozi za elimu jumla kwa mtindo huo. Baadhi ya kozi hizo za sayansi ni nyepesi mno; Wamarekani wenyewe wanazitania kwa jina la fizikia ya washairi.

Kozi ninayoiona mimi ingejaa maswali kama hili. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 100. Kipimo kinawanasa wagonjwa wote, ila kinawasingizia 5% ya wazima. Pima watu 1,000: wagonjwa 10 wataonekana, na wazima karibu 50 wataonekana pamoja nao. Mwenye jibu la "anao" ana nafasi kama moja kati ya sita ya kuwa mgonjwa kweli. Mwandishi wa habari aliyelifanya zoezi hili kwa kalamu yake hataandika kichwa cha habari cha kuwatisha watu.

Kikwazo kinachotajwa siku zote ni maabara: hazitoshi hata kwa wa sayansi. Ni kweli. Lakini kozi ya namna hii haihitaji bureti. Inahitaji kipimajoto, mizani ya dukani, kipimamvua na takwimu za hali ya hewa, na mwalimu wa sayansi aliye tayari kufundisha watu ambao hawatakuwa wanasayansi. Huyo wa mwisho ndiye adimu, kwa sababu kupanda cheo kwetu kunategemea zaidi machapisho.