Kabla hujaukubali mwaka wa msingi

Kila Agosti, matokeo ya A-level yakitoka Uingereza, huletewa swali lilelile: "Alama zangu hazikutosha kusomea kompyuta, chuo kimenipa nafasi ya kuanza na mwaka wa msingi, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya shahada. Niichukue?" Mimi ni mhandisi wa programu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaili vijana wanaotafuta kazi yao ya kwanza. Nami huuliza kwanza: umepungukiwa na nini, hesabu au cheti?

Kama ni hesabu, mwaka huo unakufaa. Utarudia aljebra, logarithmi na matriki, na utaanza kuandika programu tangu mwanzo kabisa. Nimeona vijana wenye mikono myepesi kwenye kibodi wakikwama mwaka wa kwanza wa shahada, si kwa programu bali kwa uthibitisho wa kihesabu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha. Inauma, kwa sababu pengo lenyewe huzibika.

Ila tazama ada. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, kikomo cha ada ya mwaka wa msingi kwa masomo ya darasani tu, kama biashara, kimeshushwa hadi pauni 5,760. Kompyuta haimo katika kundi hilo; mwaka 2025/26 chuo kiliweza kukutoza hadi pauni 9,535, sawasawa na mwaka wa shahada. Ukikopeshwa na serikali, utakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na salio hufutwa baada ya miaka 40. Si deni la kukunyima usingizi, lakini ni la muda mrefu.

Jambo linalonikera ni hili: mara nyingi kufaulu mwaka wa msingi hukufungulia mlango wa chuo kilekile tu. Aliyefikisha miaka 19 aangalie Access to HE Diploma, diploma ya kumwandaa mtu kuingia chuo kikuu. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, vyuo vikuu vingi huikubali, na aliyeilipia kwa mkopo maalumu wa serikali hufutiwa salio lake akimaliza shahada. Nashangaa jinsi wachache wanavyoijua.

Sasa, kama hesabu unaziweza na ulichokosa ni cheti tu, fikiria uanagenzi, yaani kuajiriwa huku ukisoma. Ule wa shahada, ulioanza 2015, unakulipa mshahara na hulipi ada hata senti. Lakini ushindani wake ni mkali, na waajiri wengi hudai alama zilezile ulizozikosa. Kwa hiyo usidharau kuanzia uanagenzi wa ngazi ya 3 (sawa na A-level) au ya 4 (sawa na mwaka wa kwanza wa shahada), kisha upande ukiwa kazini. Open University nayo, chuo kikuu cha kusoma kwa mbali, kwa kozi zake nyingi, haidai alama za kuingilia.

Kozi fupi za programu za wiki kumi na mbili? Zinamsaidia mwenye taaluma nyingine anayehamia kwenye teknolojia. Kijana wa miaka 18 asiye na kitu kingine cha kuonyesha, simshauri azitegemee peke yake.

Kabla hujajibu barua ya chuo, waombe mtihani wa hesabu wa mwaka wa msingi uliopita. Kaa nao saa mbili, simu ukiwa umeizima. Ukiumaliza bila shida, mwaka huo hauna la kukufundisha. Ukishindwa nusu yake, umeshapata jibu.