Siku moja Brunei: yanayosemwa na yaliyopo

Taja nchi ndogo ya Kiislamu yenye mafuta, na wengi wataona jangwa na ngamia. Lakini Brunei iko kaskazini mwa kisiwa cha Borneo, Asia ya Kusini-Mashariki, karibu na ikweta. Mvua haikauki, na sehemu kubwa ya nchi ni msitu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 5,765, zaidi ya mara mbili ya Unguja na Pemba zikiunganishwa.

"Kampong Ayer ni mtaa wa mabanda." Dhana hii kuhusu Kampong Ayer, makazi ya nyumba zilizosimama juu ya nguzo mtoni katika mji mkuu, ndiyo inayoniuma zaidi, maana huwafanya watu wapige picha kutoka ng'ambo kisha waondoke. Mwaka 1521 Pigafetta, Mwitaliano wa msafara wa Magellan, alikuta mji uliojengwa juu ya maji. Ndio huu. Mji wa nchi kavu, Bandar Seri Begawan wa leo, ulianza kukua baada ya 1906, Waingereza walipoweka mwakilishi wao. Kwa hiyo mwenyeji hapa ni mto. Barabara ndizo zilizokuja baadaye. Juu ya nguzo kuna misikiti, shule, zimamoto, hata kituo cha mafuta cha kujazia boti. Umeme upo na maji ya bomba yapo. Panda boti ya abiria, nauli ya kuvuka ni kama dola moja ya Brunei, kisha tembea taratibu kwenye njia za mbao. Unapita barazani kwa watu, kwa hiyo salimu, na usipige picha za ndani ya nyumba bila ruhusa. Jioni mwambie nahodha akupeleke kwenye mikoko ukawaone kima wenye pua ndefu, wanyama wa Borneo pekee.

"Asiye Mwislamu haingii msikitini." Anaingia, nje ya saa za swala. Unavua viatu, unaazimwa joho, unanyamaza. Msikiti wa Omar Ali Saifuddien ulikamilika 1958, kuba lake limefunikwa dhahabu, na mbele yake, ndani ya ziwa, kuna jahazi la mawe lililojengwa 1967 kuadhimisha miaka 1,400 ya kushuka kwa Kurani. Madhehebu ya nchi ni Shafi, kama Lamu na Unguja, basi Mswahili Mwislamu akisimama safuni hapo hatahisi ugeni. Asiye Mwislamu achague siku yoyote kuanzia Jumamosi hadi Jumatano. Ijumaa, saa sita hadi saa nane mchana, maduka na mikahawa yote hufungwa kisheria. Ukiwa na siku moja tu, isiwe hiyo.

"Kasri la Sultani hutembelewa kila siku." Hapana. Istana Nurul Iman, lenye vyumba 1,788, hufunguliwa kwa wananchi na wageni wakati wa Idi-el-Fitri, wanapokwenda kupeana mikono na Sultani. Siku nyingine tazama makuba yake ukiwa mtoni.

"Nchi tajiri, utalala njaa." Nenda soko la usiku la Gadong. Onja ambuyat, wanga unaovutika wa sago, mti wa jamii ya minazi, unaozungushwa kwenye kijiti cha mianzi, unachovywa kwenye mchuzi mkali na kumezwa bila kutafunwa. Au ununue nasi katok: wali, kipande cha kuku wa kukaanga na sambal ya pilipili, vimefungwa kwenye karatasi, chakula kilichojulikana miaka mingi kwa bei ya dola moja. Katok maana yake ni kubisha; wenyeji husimulia kwamba wateja wa usiku wa manane walikuwa wakimgongea muuzaji mlango nyumbani kwake, naye anaamka kuwapakulia.