Imp ya McGovern haikupewa taji la bure

Kila picha ya Sunbeam Imp, kigari kidogo cha dereva wa mbio Bill McGovern, inapopita mtandaoni, hakosekani mtu wa kudai kwamba ubingwa wake ulikuwa wa kupewa. Gari la injini ya lita moja liliachwa mbali na Chevrolet Camaro za injini kubwa za V8 za kina Frank Gardner na Brian Muir, sasa lilitwaaje taji la Uingereza la magari ya saluni mwaka 1970, 1971 na 1972? Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji ni dereva. Dereva mzima!

Mashindano hayo, ambayo leo yanaitwa BTCC (British Touring Car Championship), yalianza mwaka 1958, na kwa sehemu kubwa ya miaka hadi 1990 magari yaligawanywa katika vitengo kwa ukubwa wa injini. Pointi zilitolewa ndani ya kitengo. Tuseme wa kwanza katika kitengo anapata 9: Camaro ikishinda kitengo chake inapata 9, na Imp ikishinda chake inapata 9 zilezile, hata kama imemaliza ya kumi na tano uwanjani. McGovern hakuwa akishindana na Camaro. Alikuwa akishindana na magari ya lita moja, na hayo aliyapiga miaka mitatu mfululizo.

Wala hili halikuanza naye. Msimu wa kwanza kabisa, Jack Sears na Austin Westminster yake alilingana pointi na Tommy Sopwith aliyekuwa na Jaguar ya lita 3.4. Madereva wakakataa kurusha sarafu. Wakapewa magari mawili ya Riley 1.5 pale kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, wakakimbia, wakabadilishana magari, wakakimbia tena. Sears alishinda kwa jumla ya sekunde 1.6. Nani atasema huyo naye alipewa?

Mpaka wa kitengo ndio unaostahili kubishaniwa, na hapo watu hawagusi. Mimi hukagua injini baada ya mbio. Silinda hedi inavuliwa, napima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, napiga hesabu ya ujazo. Chukua Mini ya cc 1275 katika kitengo kinachoishia cc 1300, kama aliyotumia Richard Longman kuwa bingwa mwaka 1978 na 1979. Ukiitanua silinda nusu milimita unafika takriban cc 1293, bado uko halali. Ukitanua milimita nzima umevuka mpaka, na sasa unapambana na injini za 1600. Fundi anayejua kuishi kwenye hiyo nusu milimita ndiye anayempa dereva wake nafasi.

Halafu kuna injini ambazo ujazo wake ni wa makaratasi. Mazda RX-7 aliyoshindia Win Percy mwaka 1980 na 1981 haina pistoni za kupanda na kushuka. Injini yake ya rota ina cc 1146, lakini kanuni zilizidisha mara mbili: 2292. Mpaka wa kitengo ulikuwa 2300. Zimebaki cc 8! Injini za turbo, zinazosukumiwa hewa ya ziada, nazo ujazo wake ulizidishwa kwa 1.4, na kuanzia 1988 kwa 1.7, kwa hiyo Ford Sierra RS500 ya cc 1993 ikahesabiwa kuwa na cc 3388. Je, 1.7 ndiyo namba ya haki? Sijui, na sijakutana na mhandisi aliyenithibitishia. Hizo ni namba za mapatano, hakuna maabara iliyozitoa.

Na jambo moja nalikubali bila kuvutwa shati: kitengo chenye wapinzani dhaifu humrahisishia mtu kazi. Mwaka 1988 Sierra ndizo zilizotawala mbele, lakini zilinyang'anyana pointi zenyewe kwa zenyewe, na taji likaenda kwa Frank Sytner wa BMW M3. Mwaka uliofuata likaenda kwa John Cleland na Vauxhall Astra. Je, walikuwa madereva bora wa miaka hiyo? Hapo nasita. Nisichosita ni kwamba kila timu ilisoma kanuni zilezile kabla ya msimu kuanza, na ikachagua gari lake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asione haya kuwa mambo ya Wazungu wa mbali. Mbio zetu za Safari Rally, zilipofanyika mara ya kwanza mwaka 1953, ziligawa magari kwa bei ya dukani.

Mwaka 1991 Uingereza ilibaki na kitengo kimoja cha injini za lita 2. Mtazamaji alifurahi, maana sasa wa mbele ndiye wa mbele. Lakini George Bevan, aliyemtayarishia McGovern ile Imp, alikuwa na timu binafsi, si kiwanda. Mtu wa aina yake angeweza kuchagua kitengo kidogo, akaifahamu injini moja ndogo kuliko mtu yeyote, akalifuata taji la nchi nzima bila kumiliki V8. Mlango huo ulifungwa, na mimi bado naona ulifungwa mapema mno.