Kushona nyumbani si lazima uanze na cherehani

"Bila cherehani hushoni kitu." Kauli hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inawakatisha tamaa watu kabla hata hawajashika sindano. Chukua doti ya kanga iliyotoka dukani, vipande viwili bado vimeungana. Ukiikata katikati unapata kingo nne zinazochomoka nyuzi, na kuzipinda kunataka sindano, uzi, mkasi na pasi tu. Kunja ukingo nusu sentimita, kunja tena, piga pasi, kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea hatua moja mbele, halafu inarudi kuzama pale mshono uliotangulia ulipoishia. Kanga nilizopinda hivyo zamani zimeshapauka, lakini mapindo yameshika.

"Mshono wa mkono haudumu," wanasema. Unaofumuka upesi ni ule wa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, na bandi kazi yake ni kushikiza kitambaa tu kabla ya kushona.

"Sindano ni sindano." Hapana. Za cherehani zina namba: 70/10 ni ya vitambaa vyepesi kama shifoni, 90/14 ya pamba na vitenge, 100/16 ya jinzi. Hiyo 90 ni unene wa milimita 0.9. Za mkono huenda kinyume: namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Ukisikia sindano ya cherehani inadunda kwenye kitambaa badala ya kupenya, au mishono inaruka, ibadilishe. Wengi humkimbilia fundi wa mashine wakati dawa ilikuwa sindano mpya.

"Mkasi wowote wa ndani unatosha." Hapa ndipo ningekuomba usibane hela. Karatasi nyingi zina madini kama chokaa, nayo hula makali. Nunua mkasi mmoja mzuri, ufunge kitambaa chekundu mpinini, na watoto wajue kuwa huo si wa madaftari.

Chaki maalumu si lazima. Kipande chembamba cha sabuni kavu huchora vizuri kwenye kitambaa cheusi na hutoka kwa maji. Kalamu ya wino ndiyo usiiguse.

Futikamba iliyozeeka huvutika. Ilaze kando ya rula ya sentimita 30 uone kama zinalingana, la sivyo kila kipimo utakachochukua kitakuwa cha uongo.

Na kwa mwenye cherehani tayari: "mafuta ya kula yanalainisha vilevile." Yanalainisha siku chache, kisha yanaganda na kunata hadi gurudumu linakuwa zito. Kama umeshayatia, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na jiko, uache pakauke. Halafu tia mafuta ya cherehani tone moja moja, na ushone kwanza kitambaa chakavu mpaka yaliyozidi yaishe kutoka.